Kivuko cha Miguu Kwenye Ramani Huria: Lebo Moja au Tatu?

Alama za pundamilia zimefutika nusu, ziko juu ya tuta, taa hakuna. Vivuko vya namna hiyo Mwanza ni vya kawaida, na wanaochora OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri, bado wanavutana kuhusu namna ya kuviandika.

Njia ya zamani ni lebo moja, yaani maneno mafupi yanayoeleza kitu kilichochorwa. Unaweka nodi (nukta kwenye ramani) ya highway=crossing juu ya mstari wa barabara, kisha unachagua: crossing=traffic_signals penye taa, crossing=uncontrolled penye rangi bila taa, crossing=unmarked pasipo na rangi wala taa. Njia mpya inatenganisha mambo: rangi huandikwa kwa crossing:markings, lebo iliyopitishwa mwaka 2022, na taa kwa crossing:signals.

Wanaotetea lebo moja wana hoja nzito. Ni fupi, na programu za kutafuta njia zimezoea kuisoma. Tatizo ni kwamba neno uncontrolled, yaani "isiyodhibitiwa", huwapoteza wageni. Wengi huichukulia kuwa mahali pasipo na kitu. Basi pale abiria wanapokatiza tu wakishuka kwenye daladala, ramani inaonyesha kivuko chenye alama, na mtoto wa shule anaelekezwa huko.

Tena rangi na taa havina umri mmoja. Matairi, vumbi na mvua hufuta rangi huku nguzo ya taa ikibaki palepale. Lebo ya traffic_signals haisemi lolote kuhusu rangi iliyo chini yake, hivyo rangi ikifutika, kwenye ramani hakuna pa kulirekebisha hilo.

Kwa mji kama huu, ni bora kuandika zote: crossing=uncontrolled, crossing:markings=zebra na crossing:signals=no. Tuta likiwa bapa juu, ongeza traffic_calming=table kwenye nodi hiyohiyo; likiwa la mviringo, hump. Penye kisiwa katikati weka crossing:island=yes. Usisahau check_date yenye tarehe uliyofika mwenyewe, kwa sababu picha ya setilaiti huweza kuwa ya miaka kadhaa iliyopita na rangi inayoonekana humo ikawa haipo tena.

Ukichora njia ya miguu kama mstari wake, kipande kinachokata barabara kiwe footway=crossing na kishiriki nodi na barabara. Kisiposhiriki, programu haioni makutano na humzungusha mtu mbali bure. Kwenye daraja la waenda kwa miguu la Furahisha ni kinyume: mstari wa juu hupewa bridge=yes (ni daraja) na layer=1 (uko tabaka la juu), wala hauunganishwi na Barabara ya Makongoro iliyo chini.

Wapo wanaotaka lebo za zamani zibadilishwe zote kwa mkupuo, kwa kutumia skripti, yaani programu ndogo inayobadilisha bila mtu kukagua. Hilo tulikatae. Ndani ya uncontrolled zimo nodi sahihi na za makosa zikiwa zimechanganyika; skripti itazigeuza zote kuwa crossing:markings=yes, na atakayekuja baadaye ataamini kuna mtu alisimama pale akaiona rangi.