Tubane sana au tubane kidogo? Nakala rudufu kwa SSH Nyanda za Juu Kusini

Mafundi wanaotunza kompyuta za Saccos, zahanati na maduka ya pembejeo kuanzia Makambako hadi Tunduma wana ubishi mmoja usioisha: data ya nakala rudufu ibanwe (ipunguzwe ukubwa) kiasi gani kabla ya kutumwa kwa SSH, njia salama ya kuunganisha kompyuta mbili, kwenye seva ya mbali? Wapo wanaosema bana mpaka mwisho, maana bando ni ghali na laini ni nyembamba. Wapo wanaosema bana kidogo tu, maana kompyuta za ofisini zimechoka na alfajiri lazima ofisi ikute kazi imekwisha. Wote wana hoja. Shida ni kwamba wanabishania swali la pili huku la kwanza likiwa halijajibiwa: laini ikikatika saa nane usiku, kazi itaendelea kutoka wapi?

Hata hivyo swali la pili lina utamu wake, kwa hiyo tulipigie hesabu. Tuseme ofisi ya Saccos mjini Mafinga ina hifadhidata ambayo ikitolewa kama faili ya maandishi ya SQL inafika GB 6, na laini yao inapandisha megabiti 2 kwa sekunde. Hiyo ni kilobaiti 250 kwa sekunde, sawa na MB 900 kwa saa. Bila kubana, faili hiyo itasafiri kwa saa sita na dakika arobaini. Ikianza saa nne usiku itamaliza saa kumi na moja kasoro dakika ishirini alfajiri, endapo hakuna kilichotikisika njiani. Sasa bana kwa programu ya gzip kwenye kiwango chake cha kawaida, yaani 6 kati ya 1 na 9. Maandishi ya SQL yana marudio mengi mno, hivyo tuseme yamepungua hadi moja ya tano: GB 1.2, saa moja na dakika ishirini. Ukienda kwa xz, programu inayobana zaidi lakini polepole, ukapata MB 900, ni saa moja kamili. Hatua ya kwanza imekuokolea zaidi ya saa tano, ya pili dakika ishirini tu.

Hapo ndipo kambi ya "bana kidogo" huruka na kusema xz itaiua kompyuta kuukuu kwa faida ya dakika ishirini. Kwa laini nyembamba, hoja hiyo haisimami vizuri kama inavyodhaniwa. Data ikipitishwa moja kwa moja kutoka kwenye programu ya kubana kwenda SSH, kubana na kutuma hufanyika kwa pamoja, na mwendo wa kazi nzima huamuliwa na aliye mzito kati ya hao wawili. Hata prosesa dhaifu inayomeza MB 3 tu kwa sekunde itatoa takriban kilobaiti 450 zilizobanwa, wakati laini inabeba 250. Anayesubiri hapo ni prosesa. Kwa hiyo aliyeko kijijini Kyela na modemu ya simu, anayelipia kila GB, ana haki ya kubana sana kuliko wenzake wa mjini wanavyomkubalia.

Mpe fundi huyo huyo laini ya faiba ya megabiti 50 na mambo yanageuka. Laini sasa inameza zaidi ya MB 6 kwa sekunde, na ile xz ya MB 3 za data ghafi kwa sekunde inahitaji zaidi ya nusu saa kumaliza GB 6. Zstd, programu nyingine ya kubana iliyoandikwa na Yann Collet na kutolewa na Facebook mwaka 2016, kwenye kiwango chake cha kawaida cha 3 inabana kwa karibu uwiano ule ule wa gzip huku ikitumia muda mdogo zaidi. Faili ile inapita kwa dakika tatu au nne hivi. Kubana sana kwenye faiba ni kujichelewesha.

Kuna na suala la kumbukumbu, ambalo hutajwa kwa nadra. Kiwango cha 9 cha xz kinaomba takriban MB 674 za RAM wakati wa kubana. Kwenye kompyuta yenye GB 2, ambayo pia inaendesha programu ya uhasibu, hapo ndipo mama mhasibu atakapolalamika kwamba mashine imeganda, na atakuwa sahihi. Mimi sioni sababu ya kugusa 9 kwenye kompyuta ya ofisi.

Na si kila kitu kinabanika. Picha za vitambulisho za JPEG, video na hata faili za docx tayari zimebanwa kwa namna yake, PDF zilizoskaniwa vilevile. Zahanati yenye GB 40 za picha na MB 200 za hifadhidata haina cha kubishana kuhusu viwango. Kuipitisha gzip juu ya JPEG ni kuchoma umeme bure. Programu ya nakala rudufu kama Borg ina chaguo la "auto" linaloonja kwanza kila kipande kwa lz4, njia nyepesi ya kubana, na kikionekana hakibaniki kinaachwa kilivyo.

Turudi sasa kwenye swali la kwanza. Mazoea ya wengi ni kutengeneza faili moja kubwa ya tar.gz (mafaili yote yaliyokusanywa pamoja na kubanwa) kila usiku na kuisukuma yote. Faili ya namna hiyo ni kama gunia la viazi lililojazwa lumbesa: unaona umepakia kwa faida, lakini likichanika njiani linamwagika lote. Laini ikikatika ikiwa imefika asilimia 90, njia ya kawaida ya kutuma kwa scp, amri ya kunakili faili kupitia SSH, au kwa bomba la SSH inakurudisha sifuri. Kesho yake unaanza upya, na kesho kutwa pia.

Kubana mapema kuna gharama nyingine isiyoonekana. Nguvu ya rsync, programu ya kunakili ambayo Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa mwaka 1996, ni kulinganisha vipande vya faili iliyoko hapa na ile iliyoko kule, kisha kutuma tofauti tu. Saccos inayoandika miamala mia chache kwa siku hubadilisha sehemu ndogo sana ya GB 6. Lakini ukiibana kwanza kwa gzip, badiliko moja karibu na mwanzo hugeuza karibu baiti zote zinazofuata. Kwa macho ya rsync hiyo ni faili mpya kabisa, itumwe yote. Ukiiacha ghafi na kumwachia rsync abane njiani kwa chaguo la -z, kinachosafiri ni tofauti ya siku moja, nayo ikiwa imebanwa. Hakuna kiwango cha xz kitakachoshindana na kutotuma kabisa.

Kambi ya faili moja ina majibu, na si ya kupuuzwa. La kwanza ni chaguo la --rsyncable la gzip na zstd, linalopanga kubana ili mabadiliko yasisambae faili nzima. Faili inanenepa kidogo tu, na rsync inapata tena cha kulinganisha. La pili ni kwamba -z ya rsync hubana njiani tu, kwa hiyo kule mbali data inakaa ghafi na diski ya seva ya kukodi ina bei yake. La tatu ndilo linalonigusa zaidi: kila mtu anajua kufungua tar.gz. Fundi akihamia Dar es Salaam, atakayekuja hatahitaji kusoma mwongozo wa programu asiyoijua.

Upande wa uchunguzi wa hitilafu, kosa la kawaida ni kuulaumu ubanaji kwa magonjwa ya laini. Ujumbe wa "Broken pipe" ukitokea, mtu anakimbilia kushusha kiwango kutoka 9 hadi 1. Mara nyingi chanzo ni ukimya: rsync inapokagua faili kubwa pande zote mbili, hakuna kinachopita kwenye laini, na vifaa vya mtandao wa simu hufuta muunganisho vinaoudhani umekufa. Tiba ni kuiambia SSH itoe sauti kila baada ya muda, kwa mfano ServerAliveInterval 30 kwenye faili ya mipangilio. Ikiwa muunganisho unafunguka vizuri lakini unaganda mara tu data nzito inapoanza kupita, shuku ukubwa wa pakiti. Jaribu ping (pakiti ya majaribio) isiyoruhusu kukatwakatwa, yenye baiti 1472. Isipopita huku ndogo zaidi zikipita, shusha MTU ya kifaa, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, hadi 1400 hivi uone.

Kisha kuna hitilafu zinazovaa nguo za mtandao wakati si za mtandao. rsync ikitoa kosa namba 12 inalalamika kuhusu mtiririko wa data, lakini chini yake unaweza kukuta diski ya kule imejaa, au rsync haipo kabisa kwenye seva. Malalamiko ya toleo la itifaki kutolingana mara nyingi hutokana na mtu aliyeweka salamu ya "Karibu" kwenye .bashrc, faili ambayo seva huisoma kila muunganisho unapofunguliwa. Maandishi hayo yanaingia katikati ya mazungumzo ya rsync na kuyavuruga. Na kazi inayokubali ukiiendesha kwa mkono mchana ikakataa usiku kupitia cron, mpangaji wa kazi za saa maalumu, karibu kila mara ni ufunguo: cron haimuoni wakala wa SSH (programu inayoshika ufunguo wako) uliyemfungulia kwa nenosiri lako. Tengeneza ufunguo wa kazi hiyo peke yake, uuwekee mpaka wa amri moja tu ndani ya authorized_keys, faili ya funguo zinazoruhusiwa kwenye seva.

Laini inayokatika yenyewe ina dawa yake, lakini dawa hiyo ina mtego. Bila chaguo lolote, rsync hutupa kipande ilichokwisha kupokea. Ukitumia --partial inakitunza, ila inakiweka mahali pa faili kamili ya jana, na hapo umebaki na nakala nusu badala ya nakala nzima ya zamani. --partial-dir inakitunza pembeni. Msimu wa mvua Rungwe, umeme na minara vinapokatika jioni mbili mfululizo, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama una nakala au huna.

Borg inakwenda mbali zaidi: inakata data vipande, kipande kilichokwisha kufika hakitumwi tena, na katika matoleo ya 1 huweka alama ya mapumziko kila nusu saa. Inasimba data (inaifunga kwa msimbo wa siri) kabla haijatoka ofisini, jambo ambalo lina uzito tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, hasa ukipeleka majina ya wanachama au wagonjwa kwenye seva iliyo nje ya nchi. Kwa kuwa data iliyosimbwa haibaniki tena, kuwasha -C, chaguo la kubana la SSH, juu yake hakuna faida. Kuiwasha -C pamoja na -z ya rsync nako ni kubana mara mbili kitu kimoja.

Suala la seva kuwa ndani au nje lina upande wa kiufundi pia. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya nchi nzima ilizorota. Njia ya Mbeya hadi Dar es Salaam haipiti baharini, japo bei za seva za nje huvutia.

Kama ningepangia ofisi ile ya Mafinga leo, hifadhidata ingetolewa ghafi kila usiku na kuingia Borg kwa "auto,zstd,3", kwenye seva iliyo nchini, huku SSH ikitoa sauti kila sekunde 30. Wakihamia bando la simu ningepandisha zstd hadi 10 au 12, nisiende zaidi. Na kwa heshima ya wale wa faili moja, kila Jumamosi ingetoka tar.gz ya kawaida kwenye diski ya nje, ikae kwenye jengo jingine, na kila mwezi mtu asiye fundi ajaribu kuifungua.