Tangi Tupu Ndani ya Hiace

Landrova ya baba mkwe ni Series III ya mwaka 1974, na mwenyewe huitaja kwa sauti ya chini kama anamtaja marehemu wa ukoo. Bodi yake ni ya aluminiamu, haijui kutu. Tangi la mafuta ndilo la chuma, na Waingereza waliona mahali pazuri pa kuliweka ni chini ya kiti cha dereva. Kwa hiyo unakalia lita 45 hivi za petroli huku ukipungia watu mkono.

Lilipoanza kudondosha, mzee hakushtuka. Alichukua kipande cha sabuni ya mche, akakisugua kwenye tundu mpaka likaziba. "Hii unakwenda nayo mpaka Dodoma." Na kweli, sabuni haiyeyuki kwenye petroli, watu wa safari za porini wanaijua dawa hiyo. Lakini kwenye maji inayeyuka, na hapa kwetu Ngaramtoni, Arusha, mvua haiombi ruhusa. Tulivuka dimbwi la kwanza tukaacha nyuma yetu povu jeupe na harufu ya kituo cha mafuta.

Nikampigia fundi wa mtaa wa Unga Limited. Akasema gari libaki, niende na tangi. Nitoe kwanza waya wa hasi wa betri, nikinge mafuta nje kwenye upepo wala si ndani ya banda, na nisithubutu kunyonya mpira kwa mdomo. "Na ujue kitu kimoja, dogo. Tangi lililojaa lina nafuu. Linaloua ni tupu, maana kinacholipuka ni mvuke, na tangi tupu ni mvuke mtupu." Simu ilikuwa kwenye spika. Baba mkwe, mwalimu mstaafu wa sayansi, alitikisa kichwa kwa furaha ya mtu aliyesikia jibu sahihi darasani.

Mafuta tukayamaliza, midomo ya tangi nikaiziba kwa mpira na kamba. Gari la kukodi hatukupata. Bodaboda alilinusa akawasha pikipiki akaondoka bila kuaga. Ikabaki Hiace, na konda akakubali kwa sharti kwamba tangi lilipe nauli ya mtu mzima.

Nikalipakata. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi akanitazama.

"Baba, hilo halina mafuta?"

"Halina, mama. Tupu kabisa."

"Afadhali," akashusha pumzi.

Yangeishia hapo. Lakini ualimu ni maradhi, haustaafu.

"Samahani, mama," akasema baba mkwe, akifunga vifungo vya koti. "Si afadhali. Tupu ndilo baya zaidi."

Nilimkanyaga mguu, kwa adabu, maana ni mkwe. Akauondoa mguu akaendelea. Akaeleza kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi juu, hushuka ukatambaa sakafuni kimyakimya mpaka ukutane na cheche. "Kwa mfano, kama hapa ungekuwa unavuja," akasema, akionyesha kwa kidole, "sasa hivi ungekuwa miguuni penu."

Neno "ungekuwa" hakuna aliyelisikia. Miguu yote ilipanda juu ya viti. Kijana wa nyuma akapiga kelele kwamba anausikia unamtambaa. Dereva akafunga breki pale Sakina, na mtu wa kwanza kutoka alikuwa konda, pamoja na chenji yetu. Wengine walipita dirishani. Ndizi zilipita dirishani kabla ya mwenyewe. Mimi nilibaki nimelikumbatia tangi, nikipaza sauti kwamba nimeliziba, baba mkwe akilalamika kwamba hajafika kwenye sehemu ya kujikinga.

Tukatembea. Tangi kichwani kwangu, somo kichwani kwake.

Gereji tukamkuta fundi mkali kuliko mzee. Alitazama hatua chache pembeni, kwenye jiko la mama ntilie lililokuwa linanguruma, akasema kizibo hakifunguliwi mpaka moto ule uzimwe. Mama ntilie akasema maharage yako njiani, na hajawahi kuzima moto kwa ajili ya bati la mtu. Wakajibizana sana. Mwishowe baba mkwe akauliza, "Sufuria nzima kiasi gani?" Tukayala yale maharage, sisi na mafundi wote, yakiwa bado magumu katikati. Jiko likamwagiwa maji.

Ndipo kazi ikaanza. Fundi aliliosha tangi kwa maji ya moto na sabuni ya unga, akamwaga, akarudia mpaka harufu ikapotea. Halafu akalijaza maji, tundu likiwa juu na midomo wazi, akaacha nafasi ndogo tu chini ya tundu. Maji yakiligusa bati pale, risasi ya kulehemia haishiki. Chuma chake cha kulehemu alikwenda kukipasha moto mbali, ng'ambo ya barabara, akawa anakuja nacho mbio mkononi huku wanafunzi wake wakimpisha. Kiraka kikakaa, kidogo, kinang'aa. Midomo ikazibwa, likageuzwa na maji yake, kiraka kikiwa chini, likaachwa juu ya gazeti kavu, na gazeti halikulowa.

Risiti ilikuja imeandikwa: kulehemu tangi, sabuni, mahalage sufuria moja. Baba mkwe akavaa miwani, akaomba kalamu, akakata ile "l" akaweka "r", kisha akanipa mimi nilipe.