Kijiko gani, munganga?

"Mauvaise observance." Maneno mawili ya Kifaransa, yaani mgonjwa hakufuata dawa alivyoambiwa, yanaandikwa mbio chini ya fishi yake, na kesi imefungwa. Mtoto amerudi na homa? Mauvaise observance. Mzee wa tansyo, yaani presha, ameanguka sokoni? Ni yale yale. Juzi, kwenye redio moja ya hapa Goma, munganga mmoja aliyafasiri kwa Kiswahili bila haya: shida yetu kubwa ni ujinga wa wagonjwa. Mtangazaji akaitika, "Kabisa, dokta," tukawekewa muziki.

Haya. Tuchukue ordonansi, ile karatasi ya dawa, ya huyo mjinga tuisome pamoja.

Imeandikwa: "Amoxi siro, 1 c.à.c./8h, 5 jrs." Yaani amoksisilini, dawa ya maji ya kuua bakteria. Mama anaibeba karatasi mpaka farmasi ya Birere. Muuzaji anapokea pesa, anasukuma chupa mbele, anasema, "Kijiko moja kila masaa munane, siku tano," na tayari macho yake yako kwa anayefuata. Maneno saba tu. Ndani yake kuna mitego minne, na hakuna hata mmoja uliotegwa na mama.

Wa kwanza ni kijiko chenyewe. "C.à.c." ni kijiko kidogo, ml 5. "C.à.s." ni kijiko kikubwa, ml 15. Kati ya dozi na mara tatu ya dozi kuna herufi moja, tena imeandikwa na mkono ule ule wa munganga tunaoucheka sote. Kwenye sahani ya vyombo nyumbani kuna kijiko cha kukorogea chai, kijiko cha kulia wali, na kile cha kuchotea mchuzi, na vyote vinaitwa kijiko. Kwa siro ya paracetamol hesabu yake inatisha. Ile ya mg 120 kwa ml 5, mtoto wa kilo 10 inamtosha kijiko kidogo kimoja. Ukimpa kwa kijiko cha wali mara nne kwa siku, umempa mg 1440, zaidi ya mara mbili ya kile anachoruhusiwa kwa siku nzima. Rudia hivyo siku tatu nne, na anayelipa ni ini la mtoto. Mama amefuata neno kwa neno alichoambiwa: kijiko moja.

Dawa ya mtego huu inauzwa pale pale farmasi, na ni ya bei ndogo kuliko siro yenyewe: seringi ya ml 5, bila sindano. Unavuta siro mbele ya mama mpaka kwenye mstari, unazungushia kipande cha plasta pale pale, unamwambia, "Isipite hapa." Hata nyanya asiyesoma tarakimu anaona plasta. Kama seringi hakuna, basi kile kikombe au kijiko cha plastiki kilichomo kwenye boksi. Tatizo ni kwamba boksi zinafunguliwa, chupa zinauzwa peke yake, na kijiko kinabaki droo.

Mtego wa pili ni mzuri sana, unastahili kufundishwa shuleni: "kila masaa munane". Sisi wa Kiswahili saa nane ni mchana jua likianza kuelemea upande wa Sake. Mama aliyesikia "kila saa munane" atampa mtoto dawa kila siku saa nane ya mchana, kwa uaminifu kama wa sala. Mtoto wake mkubwa, aliyesoma Kifaransa, anachukua karatasi, anaona "/8h", anamrekebisha mama yake: hapana, ni huit heures, saa mbili asubuhi. Munganga alitaka mara tatu. Nyumba nzima imejadiliana, imekubaliana, na mtoto anapewa mara moja kwa siku, theluthi ya dozi. Bakteria wanashukuru.

Kwa hiyo usiseme masaa. Sema vitu vinavyotokea: akiamka, akirudi shule, kabla ya kulala. Chora jua linalochomoza, jua la katikati, mwezi. Vile vifuko vidogo vya plastiki vya kutilia vidonge mara nyingi vina picha hizo tayari, na kazi ya anayetoa dawa ni kuweka alama chini ya kila picha. Nenda ukaangalie vinavyorudi nyumbani. Vitupu. Kalamu ilikuwepo.

Wa tatu: amoxi hiyo ni unga. Nani amemwambia mama kwamba anatia maji yaliyochemshwa yakapoa? Kwamba anatikisa kwanza chupa ili unga uachane, anatia maji nusu, anatikisa, anasubiri povu lishuke, ndipo anajazia mpaka mstari? Ukijaza mara moja, povu linakudanganya: unaona umefika mstari, kumbe maji ni pungufu na dawa imekuwa kali. Kila siku, kabla ya kumpa, chupa inatikisika tena, la sivyo mwanzoni mtoto anakunywa maji ya sukari na mwishoni anakunywa tope la dawa. Halafu kuna mg 125 na kuna mg 250 kwa ml 5 ile ile. Farmasi ikikosa ya 250 inatoa ya 125, "ni dawa moja tu, mama". Ni moja, ndiyo. Nusu yake.

Wa nne nitaufikia mwishoni.

Mitego yote hii inafunikwa na neno moja ambalo, kwa maoni yangu, lingefutwa kwenye vituo vyote vya afya kutoka Goma mpaka Uvira: "Umeelewa?"

"Umeelewa?" ni namna ya kusema kwaheri. Hakuna mtu wa Kivu aliyelelewa vizuri atakayemjibu munganga "hapana". Kusema hapana ni kumwambia mtu mkubwa kwamba hajui kueleza, na nyuma yako kuna foleni, na unaona kabisa mkono wake umeshashika mpini wa mlango. Unasema "ndiyo, munganga, aksanti," unatoka, na kwenye veranda unamuuliza mama aliyekaa pembeni: "Ati alisema namna gani?" Kila mtu aliyekaa kwenye benchi la hospitali ameisikia sentensi hiyo. Pale verandani ndipo dozi inapoamuliwa.

Mwaka 2003 mtafiti wa Uholanzi, Roy Kessels, alikusanya tafiti kuhusu kile wagonjwa wanachokumbuka: kati ya asilimia 40 na 80 ya maelezo yanapotea hapo hapo, na karibu nusu ya wanachodhani wanakumbuka si sahihi. Hao hawakuwa wakulima wa Masisi waliolala barabarani. Kichwa cha binadamu mwenye hofu ndivyo kilivyo, hata cha profesa.

Badala ya "Umeelewa?", mgonjwa aeleze mwenyewe, na mzigo wa makosa abebe mwenye koti jeupe. Inakwenda hivi:

"Mama, leo nimesema maneno mingi, na sijui kama nimeyasema vizuri. Ukifika ku nyumba, baba ya mtoto akikuuliza hii dawa inapewa namna gani, utamwambia nini?"

"Nitamwambia kijiko moja asubui, moja mangaribi."

"Kijiko gani?"

"Kile cha kukulia."

"Basi mimi ndiye nilikosea, sikukuonyesha. Leta mkono. Hii seringi, mpaka hapa ku plasta. Na ni mara tatu: akiamka, muchana, na akienda kulala. Haya, vuta wewe nione."

Anavuta. Akikosea unaonyesha tena, na unamuuliza tena, mpaka itoke sawa. Haimalizi dakika tatu. Angalia pia kilichofanyika pale: hakuambiwa "rudia nilichosema". Ukimwambia mtu arudie, anakuwa mwanafunzi wa darasa la pili mbele ya mwalimu mwenye fimbo, atakurudishia maneno yako kama kasuku na bado kijiko kitakuwa kile cha wali. Na usiwaulize wale tu unaowaona ni "wa kijijini". Mwenye suti na simu mbili ndiye anayeona haya zaidi kuuliza. Mambo matatu kwa ziara moja yanatosha. La nne linafukuza la kwanza.

Najua jibu: wagonjwa ni wengi. Muuguzi mmoja, watu sitini kabla ya saa saba, na prime, ile nyongeza ya mshahara, haijafika. Nakubali, ingawa shingo upande, kwa sababu wale wale wasio na dakika tatu leo wanapata dakika arobaini mtoto akirudi na degedege. Nakubali pia kwamba kuna wanaosikia vizuri na bado hawafuati. Wengi wao wana sababu, na inaitwa pesa.

Mfano ni dawa ya malaria, artemeta na lumefantrini. Mtu mzima wa kilo 35 kwenda juu anameza vidonge 4 mara 6 ndani ya siku tatu, jumla 24. Siku ya pili homa imeshuka, anaficha vidonge 8 kwenye kabati kwa ajili ya mtoto atakayeugua mwezi ujao. Ujinga? Mtu anayeweka akiba hajawahi kuwa mjinga. Alichokosa ni sababu. Mwambie kwamba artemeta inawaangusha vijidudu haraka, ndiyo maana unajisikia mzima, lakini inatoka mwilini ndani ya masaa machache. Lumefantrini ndiyo inabaki siku kadhaa kumalizia waliojificha, na ukikata njiani hao wanarudi. Akijua hivyo ana kitu cha kupimia akiba yake.

Tena hapa munganga ana deni lake. Anaandika "4 x 2/j, 3 jrs", yaani vinne mara mbili kwa siku, siku tatu; vidonge vinatimia 24, kila mtu anafurahi. Lakini dozi ya pili inatakiwa masaa manane baada ya ya kwanza, si kesho yake. Aliyemeza saa kumi jioni anapaswa kuamshwa saa sita usiku. Na lumefantrini bila mafuta inaingia mwilini kidogo sana: inataka maziwa, karanga, au nusu avoka, na avoka hapa kwetu, Mungu ashukuriwe, hatuna sababu ya kukosa. Akitapika kabla ya saa moja kupita, anarudia dozi ile. Mambo hayo matatu hayajawahi kuandikwa kwenye ordonansi yoyote niliyoiona.

Serumu ya kunywa nayo, ile ya mtoto anayehara: sasheti moja, maji litre moja. Chupa kubwa iliyopo karibu kila nyumba ni ya bia ya Primus, cl 72. Sasheti nzima ndani ya Primus ni chumvi kupita kiasi, na mtoto anayehara hahitaji chumvi kupita kiasi. Chukua chupa ya maji ya litre 1.5, weka alama kwenye theluthi mbili. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika kumi, endelea polepole zaidi. Baada ya masaa 24 mwaga iliyobaki. Zinki inaendelea siku 10 hata kama kuhara kumekwisha siku ya tatu. Na kidonge cha Aquatabs, cha kusafishia maji, cha mg 67 ni cha bidoni nzima ya litre 20, kifuniko kimefungwa, dakika 30. Ukikitia kwenye nusu bidoni, maji yananuka, watoto wanayakataa, kesho mnarudi kunywa ya ziwa vile yalivyo.

Kuhusu mabango ya Kiswahili cha Dar es Salaam, neno moja tu: ukiandika "fuata kipimo" ukimaanisha dozi, hapa Goma mtu anakwenda kupimwa laboratwari.

Na zile hotuba za asubuhi kwenye CPN, kliniki ya wajawazito, wamama hamsini kwenye mabenchi na mada nane kwa nusu saa? Kinachofanya kazi asubuhi ile ni vile vidonge vitatu vya SP, dawa ya kukinga malaria, ambavyo mama anameza palepale mbele ya muuguzi, kuanzia wiki ya 13 ya mimba, mwezi kwa mwezi, angalau mara tatu. Kinafaulu kwa sababu hakuna anayetegemea hotuba.

Tulishalipa ada ya somo hili. Ebola ya 2018 mpaka 2020 iligusa watu 3470 upande wetu huu, 2287 wakafa. Ukimwambia mtu ugonjwa hauna dawa, kisha ukamtaka ampeleke mama yake kwenye hema la matibabu, amekuelewa vizuri kabisa: unamchukua akafie huko. Ilibidi tufike Agosti 2019, dawa mbili zimeonekana kusaidia, ndipo Profesa Muyembe, aliyeongoza mapambano na Ebola, akasema hadharani kwamba Ebola haitaitwa tena ugonjwa usiopona. Mwaka mzima ulikuwa umepita. Watu wa riposte, yaani kikosi cha kupambana na Ebola, walikuwa wakiuliza kwa nini wananchi ni wagumu kuelewa.

Sasa mtego wa nne, "siku tano". Chupa ya amoxi waliyompa mama ilikuwa ya ml 60. Ml 5 mara tatu ni ml 15 kwa siku. Sitini gawanya kwa kumi na tano. Tuseme mama amefanya yote sawa: kijiko ni kile, mara ni tatu, maji yamechemshwa, hakumwaga hata tone. Siku ya nne jioni chupa ni tupu. Alihitaji ml 75, na hakuna aliyemwambia anunue mbili. Akirudi Jumatatu mtoto anakohoa, ataulizwa swali moja, "Mama, ulimaliza siku tano?", naye kwa kuwa ni mkweli atajibu hapana.