Kijani Ndicho, Rangi Siyo

Ukikutana na mtu wa Ngamiani, hapa Tanga, akakwambia ananijua, muulize ananijuaje. Akicheka kabla ya kujibu, basi kweli ananijua. Alikuwapo siku ya harusi.

Gari lenyewe ni Morris Minor ya cc 1098, marehemu baba alilinunua kwa meneja mmoja wa shamba la mkonge. Baba alipoondoka lilikaa chini ya mwembe miaka kumi na kitu, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Mpwa wangu alipoposa, nikatamka mbele ya ukoo mzima, mdomo ukiwa umeitangulia akili: bibi harusi atapanda Morris ya babu.

Bodi, breki, viti, hayo yote yaliisha na sina la kuyasimulia zaidi ya madeni. Kilichonikaba ni rangi ya injini. Watu wanadhani injini ni chuma tu. Kumbe zamani kila kiwanda kilikuwa na sare yake: Chevrolet nyingi bloku lao lilikuwa la rangi ya chungwa, Ford za Marekani kuanzia 1966 zilivaa buluu, MGB za mwanzo zilikuwa na wekundu uliokoza kama damu ya mzee. Morris Minor ni kijani. Kijani gani sasa? Hapo ndipo nilipopotezea wiki tano za maisha yangu.

Injini yangu wakati huo ilikuwa na rangi ya lami. Nikaikwangua siku mbili kwa brashi ya waya na petroli, mpaka nikafika kwenye kifuniko cha tapeti, kile cha ubavuni kinachojificha chini ya manifoldi, ile inayopokea moshi kutoka kwenye silinda. Pale, chini ya grisi, kikatokea kipande cha rangi ya kiwandani, hakizidi sarafu ya shilingi mia mbili. Kijani kilichotulia, kama jani la mwembe lililokomaa. Nilikitumbulia macho mpaka mke wangu akatoka kuuliza kama nimeumia.

Nikakifungua kile kifuniko, nikakifunga ndani ya gazeti, nikaanza kuzunguka nacho madukani kama mtu anayetafuta mchumba wa binti yake. Duka la kwanza: "Hiki kijani cha Yanga." La pili: "Hiki kijani cha msikiti." La tatu wakaniambia ni cha jeshi na wakanishauri nisitembee nacho ovyo.

Mwisho nikaelekezwa kwa mzee mmoja kule Deep Sea, anawachanganyia wavuvi rangi za mashua. Mzee yule ni bingwa, simtoi thamani hata leo. Alilamba kidole, akasugua kile kipande, akakigeuza juani, akakigeuza kivulini. Akatia kijani, akatia nyeusi kwa ncha ya msumari, akatia tone moja la njano. Akapaka kwenye kijiti, akakiweka kijiti juu ya kifuniko. Wallahi sikuona mpaka.

"Mashua gani hii?" akaniuliza.

"Morris, mzee."

"Haijapita hapa. Rangi inakaa chini ya maji au juu?"

Nikacheka. "Hii hailowi, mzee wangu."

"Basi itakuzika."

Hakuniongopea hata neno. Aliuliza kila swali linalohusu rangi yake. Habari ya moto haikumjia, kwa sababu mashua haina moto isipokuwa nahodha akipika.

Kazi ya kupaka niliifanya kwa adabu, hilo lisemwe. Nilitoa grisi yote, nikapiga msasa, nikafuta kwa thina, nikaziba plagi na kabureta kwa gazeti, nikaacha wazi kibao cha namba ya injini ili trafiki asije akanitoa jasho. Makoti mawili. Bloku likang'aa kama limetoka kiwandani jana. Ila manifoldi ilibaki na kutu, imepasukapasuka kama kisigino cha mvuvi. Pembeni ya kijani kile ilikuwa aibu.

Fundi wangu, mtu asiyependa maneno, alipita akanikuta nimeshika brashi. "Mgosi," akasema, "hiyo iache."

Akaenda zake. Nikaipiga makoti matatu.

Jumamosi ya harusi ilikuwa ya kaskazi, joto la kukausha dagaa. Mbele pikapu ya tarumbeta, nyuma Morris, ndani bibi harusi na somo wake, na mimi kwenye usukani nimevaa kanzu na koti. Kutoka Ngamiani kwenda Raskazone si mbali, lakini kwa mwendo wa tarumbeta unaweza kupeleka maombi ya pasipoti ukarudi umekuta hamjafika. Na gari la zamani likitembea mwendo wa jongoo halipati upepo. Joto linajikusanya tu pale chini ya boneti.

Kwanza ilikuja harufu. Bibi harusi, mtoto mwenye adabu zake, akaniuliza toka ndani ya shela, "Mjomba, kuna mtu anapaka mashua hapa karibu?"

Kisha ukaja moshi. Nikasimamisha, nikafungua boneti. Sijawahi kuona kitu kama kile. Ile rangi ya manifoldi ilikuwa inavimba na kupasuka, inavimba na kupasuka, kama vitumbua kwenye kikaango, na pembeni inachuruzika kahawia. Kijani changu cha wiki tano! Somo alishamtoa mwali mlango wa pili na kumvusha barabara. Mimi nikapiga kelele nisiyojua nilisema nini, na msamaria mmoja wa pale kibarazani akaja mbio na jagi la sharubati ya ukwaju, yenye barafu, akalimwaga lote juu ya manifoldi.

Ta!

Chuma cha kumimina kikiwa na joto la namna ile, ukikipa barafu ghafla, hakikuvumilii. Ilipasuka kutoka tundu moja hadi la pili. Bibi harusi alifika kwa bajaji. Tarumbeta hazikunyamaza hata sekunde.

Kesho yake fundi alikaa juu ya tairi akanipa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. Maji ya rejeta, alisema, yanacheza nyuzi 80 hadi 90, kwa hiyo bloku unaweza kulidanganya kwa rangi ya mafuta siku mbili tatu, halafu litababuka. Rangi ya injini yenyewe inahimili 250, 300. Manifoldi inaweza kuvuka 500, inataka ile rangi ya eksozi, ya 600 kwenda juu.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia iache."

Manifoldi nyingine nikaipata Dar es Salaam, kwa bei ambayo mke wangu mpaka leo anajua nusu yake. Nikaagiza na rangi za kweli, ya injini na ya eksozi. Kijani cha kopo si kijani chenyewe, kimezidi ubuluu kidogo, na hakuna anayekiona ila mimi.

Jioni zile kahawani, kwa kuwa mkasa ulishanipa ukubwa, nilikuwa nikiwafundisha majirani: jamani, chuma cha moto hakimwagiwi maji. Mchanga! Siku zote mchanga! Wakatikisa vichwa, wakanywa kahawa.

Nilichosahau kuwafundisha ni kwamba rangi ya eksozi haikomai bila moto. Kopo lenyewe limeandikwa: washa injini kidogo, zima ipoe, washa tena muda mrefu zaidi, na mara ya kwanza itafuka moshi, usishtuke. Basi nikawasha pale uani, boneti wazi, kichujio cha hewa nimekivua kwa sababu nilikuwa nimetoka kurekebisha kabureta. Moshi ukaanza, mweupe, wa kawaida kabisa. Nikaingia ndani kufuata chai.

Nikasikia mbio. Nikasikia, "Siyo maji! Siyo maji! Mchanga!"

Ndoo tatu.

Fundi alipokuja alikung'uta kabureta juu ya gazeti, akachukua chembe mbili akazionja. "Wa Raskazone," akasema. "Una chumvi."

Jirani alikuwa bado amesimama pale na ndoo yake, anahema, anasubiri ashukuriwe. Nikamshukuru.