Jagi la Mwaka 1987

Waingereza wana bia ambayo hawainywi. Wanainunua, wanaifungia kwenye giza, halafu kila baada ya miezi kadhaa wanashuka kuichungulia na kupanda tena mikono mitupu. Inaitwa barliwaini. Ukimwuliza mwenye nayo kwa nini asiifungue akanywa yaishe, anakutazama kwa huruma na kusema haijafika. Inatoka wapi hata isifike miaka thelathini, hasemi.

Jirani yangu hapa Manchester ni mmoja wao. Ni mstaafu wa reli mwenye miaka sabini na nne na masharubu meupe ambayo huyafuta kwa kidole kabla ya kusema jambo zito. Chini ya nyumba yake kuna stoo iliyokuwa ya makaa ya mawe, na humo ndimo chupa zake zinamoishi. Zimesimamishwa wima, hazilazwi, kwa sababu ndani yake mna hamira hai na inatakiwa itulie kwenye kitako. Kila moja ina mwaka wake. Zipo ambazo zina umri wa kupiga kura, na zipo ambazo zingekuwa watu zingekuwa zinadaiwa ada za watoto.

Ufundi wenyewe hauna uchawi. Unachukua kimea kingi cha shayiri na maji kidogo, unachemsha sana, na unaiacha hamira ifanye kazi mpaka kilevi kifike asilimia 8 hadi 12. Miaka ikipita chupani, uchungu wa hopsi, yale maua yanayoipa bia ukali, unafifia, gesi inapungua, na hewa kidogo inayopenya kwenye kizibo inaigeuza bia taratibu: inaanza kunukia zabibu kavu, tende, ngozi, sukari iliyoungua. Bahati ikiwa mbaya, inanukia boksi lililoloweshwa na mvua. Jirani hilo neno "boksi" hulitamka kwa sauti ya chini, namna watu wa kwetu wanavyotaja ugonjwa wa mtu aliye chumba cha pili.

Wana kikundi chao. Yumo daktari wa meno, yumo mwalimu mstaafu wa historia, yumo mhasibu mwenye kidaftari, na mume na mke ambao hawasemi neno ila wanakubaliana kwa macho. Hukutana majira ya baridi, kwa zamu, leo kwa huyu, mwaka mwingine kwa yule. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilimsaidia jirani kupandisha friji ngazini, na katika nchi hii hiyo inatosha kuwa undugu. Hatimaye zamu ikatua nyumbani kwangu, na ikatua wakati mama mkwe wangu yupo.

Mama ametoka Marangu, kwenye ukoo ambao ulikuwa unapika mbege kabla Mjerumani hajauona mlima. Kwao pombe ni ndizi zilizochemshwa na kimea cha ulezi, inaiva, watu wanaitwa, mkubwa anaonja kwanza kwenye kata, na kesho yake hakuna kilichobaki cha kujadili. Nikamweleza kwamba leo wanakuja wazee wa Kizungu kuonja pombe ya zamani.

"Ya zamani ya lini? Ya Jumatano?"

Nikamwambia atawaona wenyewe.

Jirani alifika mapema na kreti yake, akaiweka mezani jikoni, akamgeukia Mama na kumwamkia, "Shikamoo!" Neno hilo alifundishwa na wanangu na humpa kila mtu, hata mtoto wa kwenye kigari. Mama ni mdogo wake kwa miaka kadhaa. Akajibu "Marahaba" bila kupepesa, akaendelea kumenya tangawizi.

Kwenye kreti kulikuwa na Fuller's Vintage Ale ya 1997, mwaka ule ule ilipoanza kutengenezwa kule Chiswick, London, ikiwa bado kwenye boksi lake. Kulikuwa na Harvest Ale ya J.W. Lees, hawa wa hapa hapa Middleton Junction, ambao tangu 1986 huipika mara moja kwa mwaka kwa shayiri ya mavuno mapya. Na bibi harusi mwenyewe, amefungwa kwenye taulo: chupa tatu ndogo za Thomas Hardy's Ale ya 1987. Hardy alikuwa mwandishi wa Dorset, alifariki 1928, na kiwanda cha Eldridge Pope cha Dorchester kikaipika bia hii mara ya kwanza mwaka 1968 kumkumbuka alipotimiza miaka 40 kaburini. Wenyewe walisema inaweza kukaa miaka 25. Jirani aliona hiyo ni woga.

Sasa, chupa ikiwa na hamira kwenye kitako, huwezi kumimina glasi, ukasimamisha, ukamimina nyingine, maana tope lote linapanda. Unamimina kwa mkupuo mmoja, kwa upole, na tope ukiliona linasogea shingoni unaacha. Kwa hiyo akaomba jagi. Mke wangu ana majagi mawili ya udongo yenye maua ya bluu, zawadi ya harusi, mapacha. Jirani akachukua moja, akazimimina zile tatu huku ameshika pumzi, akafunika na kisahani, akalipeleka kwenye kile chumba kidogo cha nyuma kisicho na hita. Bia hii haitaki friji wala joto, inataka nyuzi 13 hivi. Alikuwa na kipimajoto mfukoni.

Mimi nilikuwa napanga viti. Ninachojua kuhusu jagi la pili nilikuja kukikusanya baadaye, kwa maswali.

Mama aliona haiwezekani wageni waingie nyumba ya binti yake wapewe pombe tupu. Alikuwa ameshaletewa ukwaju na tende kutoka maduka ya Wahindi kule Rusholme, akavichemsha na tangawizi na sukari guru, akachuja. Friji imejaa sambusa. Juisi inataka ubaridi. Akachukua jagi la pili, akamimina, akafunika na kisahani, akalipeleka kwenye chumba cha nyuma, akaliweka dirishani ubavuni mwa mwenzake.

Na kabla hatujafika huko, jibini. Waingereza barliwaini huila na Stilton, lile jibini lenye mishipa ya ukungu wa bluu. Mhasibu alileta kipande cha heshima. Kilipokuja mezani kilikuwa cheupe pe, kina mashimo na mifereji. Mama alikuwa amekaa nacho na kisu kidogo cha kumenyea viazi, akatoa ukungu wote, punje kwa punje, na kuomba radhi kwa niaba ya duka. Mhasibu alikitazama muda mrefu. Halafu akasema asante sana, kwa Kiingereza kile kinachotumika misibani.

Tukaanza. Ile ya Fuller's ilikuwa nzuri, na niliwaambia hivyo, wakaniambia "nzuri" si neno. Ya Lees ilikuwa nzito, tamu, inashuka kifuani ikiwa imevaa koti. Glasi ni ndogo lakini msidanganyike: kichupa kimoja cha ile ya Lees, mililita 275, kina yuniti, kipimo chao cha kilevi, tatu na ushee, na serikali yao inashauri usizidi 14 kwa wiki. Kufika hapo mwalimu wa historia alikuwa ameshatueleza mara mbili jinsi Mfalme Edward VII alivyokwenda kiwanda cha Bass kule Burton mwaka 1902 akaanzisha mwenyewe upishi wa bia iliyoitwa King's Ale, na wale mume na mke walikuwa wanakubaliana kwa macho na vitu ambavyo hakuna aliyevisema. Kutoka jikoni kulikuwa kunasikika vicheko. Mama alikuwa ametembelewa na mama mmoja wa Bukoba wanayesali naye.

Jirani akasimama, akafuta masharubu. Alikwenda kulileta jagi mwenyewe, hakutaka kusaidiwa.

Alimimina kwa zamu, kimyakimya. Rangi ilikuwa kahawia ya kina, haina povu hata chembe, na kwa umri ule hakuna aliyetegemea povu. Nikasogeza pua. Pua yangu ikasema: tangawizi. Nikaonja. Nikatazama dirisha, nikatazama dari, nikaonja tena. Ilikuwa juisi ya ukwaju ya mama mkwe wangu, na ilikuwa imekolea sukari vizuri.

Nikafungua mdomo niseme, lakini daktari wa meno alikuwa amefumba macho.

"Ngozi," alisema. "Ngozi ya tandiko la farasi."

"Tende," alisema mwalimu. "Jamani, tende kabisa!" Na kwa haki, alikuwa sahihi.

Mhasibu aliandika, akaonja, akaandika. "Ukali wake umesimama wima. Na mwishoni kabisa, nyuma ya ulimi, kuna kitu cha viungo. Tangawizi?" Pia sahihi. Nikaanza kuwaheshimu upya hawa watu. Ladha wanazijua, wamekosea chombo tu.

Jirani alikaa na glasi mikononi, macho yamelowa. "Na kilevi," alisema. "Asilimia kumi na mbili, na hukisikii. Kimejificha chote. Miaka yote hii nimeonja, sijawahi kuona kilevi kilichojificha namna hii."

Wote wakatikisa vichwa kwa kicho. Kisha wakanigeukia mimi, mgeni wa kikundi, wanitie moyo.

"Wewe unasikia nini?"

Nilifikiri haraka. Nikaona ukweli ndio njia fupi.

"Ukwaju," nikasema.

Kimya. Nikajua mambo yameisha. Daktari wa meno akaweka glasi chini.

"Ukwaju!" akapiga meza. "Ndio! Nilikuwa nautafuta, haunijii!"

Wakanipongeza. Mwalimu alinipa mkono. Mhasibu aliniuliza kama ni ukwaju mbichi au uliokomaa, nikamwambia wa pakiti, akasema hilo ni jicho la ndani sana, akaandika. Kura zikapigwa: 48 kati ya 50, alama ambayo kidaftari hakikuwa kimewahi kuiona.

Hapo ndipo mlango wa jikoni ulipofunguliwa. Mama akaingia, amebeba jagi la maua ya bluu, khanga imefungwa vizuri, uso umechangamka kuliko kawaida ya saa ile. Nyuma yake mama wa Bukoba, ameegemea kizingiti.

"Mkwe wangu," alisema, "hii pombe ya huyu mzee ni ya lini?"

"Ya 1987, Mama."

Akahesabu kwa vidole. "Mwaka huo nilikuwa namnyonyesha mkeo." Akamtazama jirani kwa masikitiko ya kweli. "Miaka yote hiyo hakuwahi kupata mgeni hata mmoja?"

"Anasema nini?" jirani akaniuliza.

"Anasema ni nzuri."

"Mwambie imelala lakini haijaharibika," Mama aliendelea. "Kimea chake kilipelekwa moto sana, ila aliyeipika alikuwa anajua. Imekaa inafanana na zabibu. Huku mwisho ina uchungu kidogo wa majani, sijui waliweka nini."

"Mimi nasema ni rubisi iliyosahaulika," alisema mama wa Bukoba, akiitaja pombe ya ndizi ya kwao.

Nikamwuliza Mama, kwa sauti ya chini, kama hakugundua kwamba si juisi yake. Akashangaa swali. "Si tuligundua palepale tulipoonja! Sasa tungeimwaga?"

Jirani alikuwa amesimama. Alilitazama jagi lililo mikononi mwa Mama, akalitazama lililo mezani, maua kwa maua. Akainamia la Mama, akanusa. Akakaa. Mume na mke walitazamana, na kwa mara ya kwanza walionekana hawakubaliani.

Kilichofuata kilikuwa kesi. Daktari wa meno alitaka zile alama zifutwe. Mhasibu alikataa: kidaftari kinaandika kilichoonjwa, hakiandiki kilichokusudiwa, na kama ukwaju umepata 48, umepata. Mwalimu alisema katika historia kuna mifano, lakini hakuutaja hata mmoja. Mama aliniuliza wanagombana nini, nikamwambia juisi yake imeshinda. Akasema angeongeza hiliki kama angejua ni mashindano.

Kwenye jagi ilikuwa imebaki kama vidole viwili vya Hardy. Jirani aliigawa mwenyewe kwa kijiko cha chai, kila mtu vijiko vyake, mkono unatetemeka kidogo. Mama akakataza kuanza hovyo, akamwelekeza kwa kidole kwamba yeye ndiye mkubwa, aonje kwanza. Akaonja. Tukaonja. Ilikuwa kweli bia ya ajabu, nitakuwa mwongo nikisema vinginevyo: zabibu, asali iliyoungua, kitu cha sakafu ya mbao ya nyumba ya zamani, na joto linalobaki kooni ukishameza. Kimya kikatanda, wote tunaitafakari.

"Nzuri," alisema mhasibu. "Ila haina ile tangawizi."

Mhasibu hajaalikwa tena. Mama ameshaalikwa: mwaka ujao zamu ni ya jirani, na barua ya mwaliko kwa ajili ya viza ameiandika yeye mwenyewe, kurasa mbili, na penye sababu ya safari ameandika "mwonjaji". Mama ameagiza ifutwe iandikwe "kusalimia wajukuu", kwa sababu kule Marangu anayemjazia fomu ni mchungaji.