Ploti Iko Baharini

Kuna plagini (programu ndogo za nyongeza) za QGIS, programu ya kuchorea ramani, ambazo zikiharibika hunyamaza tu. Ile ya ofisini kwetu, Ngong Road, ilikuwa na mdomo.

Aliyeiandika alishaacha kazi. Kwa Python, aliiambia isome bikoni za ploti kutoka faili ya CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, izichore kwenye ramani, na ikikuta pointi nje ya Kenya itoe kisanduku cha ujumbe. Maneno ya kwenye kisanduku alijiandikia mwenyewe wakati wa kujaribu. Hayakuwa ya wageni.

Jumamosi moja mkubwa alileta wanunuzi wa ploti za Ruai, pembeni mwa Nairobi, akiwemo mama mmoja mwenye mkoba mzito. Projekta ikawashwa, mkubwa akabofya. Ukutani: "Ploti iko baharini. Umelewa?"

Mkubwa akacheka kwa sauti isiyo yake, akabofya Sawa. "Ploti iko baharini. Umelewa?" Kumbe ujumbe ulikuwa ndani ya kitanzi, yaani maagizo yanayojirudia, na kitanzi kilipita ploti moja baada ya nyingine, kila moja na tusi lake. Mzee wa watu alibofya mpaka tai ikalegea.

"Kijana," mama akaninong'oneza, mkoba keshaukumbatia, "Ruai kuna bahari?"

Orodha ilipoisha nikaingia folda ya plagini, nikafuta ile mistari, nikahifadhi. Mkubwa akabofya kwa matumaini. "Umelewa?" QGIS hubaki na msimbo iliokwisha kuupakia, usipoipakia plagini upya, hata uhariri faili hadi kesho unatwanga maji kwenye kinu.

Nikaipakia upya. Kimya. Afadhali ingeendelea kutukana, maana sasa ploti zilionekana zote, zimepangwa vizuri na barabara zake, katikati ya Bahari ya Mediterania, baina ya Uhispania na Aljeria. Aliyeandaa faili alibadilisha latitudo na longitudo. Ruai iko takriban digrii 1.3 kusini na 37 mashariki. Geuza namba hizo, unaogelea digrii 37 kaskazini na 1.3 magharibi. Plagini ndiyo pekee iliyokuwa ikisema ukweli chumbani humo, lugha yake tu ndiyo haikuwa na adabu.

Nikabadilisha safu mbili, ploti zikatua Ruai. Mkubwa akafuta jasho, akaanza habari za hati miliki. Mama akamkatiza.

"Hizi nimeziona. Zile za upande wa Uhispania mnauza pesa ngapi?"