Orodha ya malipo: nani akate kurasa?

Chama cha msingi cha wakulima wa kakao Kyela kikihitaji orodha ya malipo ya kuchapa, mwandaaji wa programu anayetumia WPF, zana ya Microsoft ya kujenga programu za Windows, ana njia mbili. Anaweza kumwaga kila kitu ndani ya FlowDocument, hati inayojigawa kurasa yenyewe, au aandike DocumentPaginator yake, yaani msimbo wa kukata kurasa, na kupanga kila mstari kwa hesabu.

FlowDocument ina haki yake. Barua ya kuitisha mkutano mkuu, yenye aya tupu, utaimaliza mapema. PageWidth iwe 793.7 na PageHeight 1122.5, ndiyo A4 kwa kipimo cha 1/96 ya inchi. ColumnWidth, yaani upana wa safu ya maandishi, izidi upana wa ukurasa, la sivyo maandishi hujipanga safu mbili kama gazeti.

Shida ni jedwali. Likivuka ukurasa, vichwa vya safu havijirudii. Ukurasa wa pili unabaki na tarakimu tupu: ipi kilo, ipi makato, ipi fedha ya mkononi? Na hapo ndipo mkulima anaposaini au kuweka dole gumba, mara nyingi karatasi zikiwa zimetenganishwa ili foleni iende. Mtu asisainishwe karatasi isiyosema anasaini nini.

Kwa hiyo orodha ya malipo inastahili kazi ya ziada ya kugawa kurasa mwenyewe. Kwenye urefu wa ukurasa wa 1122.5, toa pambizo za sentimita 2 juu na chini, yaani 75.6 mara mbili. Toa 60 za jina la chama, 28 za vichwa vya safu na 40 za jumla na namba ya ukurasa. Inabaki 843. Mstari wenye kimo cha 24 unaruhusu wakulima 35 kwa ukurasa. Wakulima 480 wanaingia kurasa 14. Umeme ukikatika, unachapa upya ukurasa wa 9 tu, na majina yatakuwa yaleyale. Kumbuka GetPage, amri inayotoa ukurasa mmoja, huanzia 0, hivyo wa 9 ni GetPage(8).

Gharama yake ipo. Jina la maneno manne halienei kwenye safu. Pima kwanza kwa FormattedText, inayokupa ukubwa wa maandishi, na likihitaji mistari miwili ile 35 haishiki tena: gawa orodha nzima kabla ya kuchapa chochote. Kila ukurasa uliojengwa kwa vidhibiti (vipande vya skrini kama TextBlock) upitishe Measure na Arrange, yaani kupimwa na kupangwa, la sivyo karatasi hutoka nyeupe.

Njia zote mbili huumizwa na printa iliyoachwa kwenye Letter, karatasi ya kipimo cha Marekani. Ni fupi kuliko A4 kwa karibu milimita 18, na kinachokatwa ni mstari wa jumla. Soma ukubwa wa karatasi kwenye PrintTicket, yaani mipangilio ya uchapaji, usiukisie.

Zimebaki saini za mwenyekiti na katibu. FlowDocument ina KeepWithNext, inayozuia aya isitenganishwe na inayofuata, lakini ni kwa aya, si kwa mstari wa jedwali. Ukigawa mwenyewe, ukiona nafasi iliyobaki ni chini ya 120, hamisha wakulima wawili wa mwisho waende na saini hizo ukurasa unaofuata.